Tuandikieni, Msituchoree

Katika ofisi nyingi za Dar es Salaam ubishi huu huisha mapema, na huisha vibaya. Ofisa mawasiliano ameandaa jarida la mwezi litakalotumwa kwa barua pepe, na ametengeneza matoleo mawili. La kwanza lina nembo juu, picha ya mgeni rasmi akikata utepe, habari zilizopangwa safu mbili, vitufe vya rangi ya chungwa, na chini kabisa msururu wa alama za mitandao ya kijamii. La pili ni maandishi matupu: kichwa cha habari, aya, anwani ya tovuti, jina la aliyeandika, basi. Bosi anayatazama yote mawili kwenye skrini pana, Wi-Fi ya ofisi halipii yeye, kisha anasema la kwanza linapendeza. Kikao kimefungwa.

Aliyekosekana kwenye kikao hicho ni mtu wa Mzenga.

Mzenga ni kata ya Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani. Ukiitazama kwenye ramani ni pua na mdomo na Dar es Salaam. Reli ya TAZARA ikitoka jijini hupita huko kabla ya kuingia nyika za kusini. Kwa bando na kwa chaji ya simu, hata hivyo, ni mbali. Watu wake wengi ni wakulima, na wapokeaji wa barua pepe unaweza kuwataja kwa kazi zao: walimu, mtendaji wa kata, watendaji wa vijiji, ofisa ugani, wahudumu wa zahanati, katibu wa chama cha msingi cha ushirika. Anwani zao hazikupatikana kwa kujisajili kwenye tovuti ya mtu. Zilipatikana kwenye semina, Kibaha au Kisarawe mjini, kwenye karatasi ya mahudhurio, kati ya safu ya namba ya simu na safu ya sahihi ya posho. Wengine waliandika anwani ya Gmail waliyofunguliwa na kijana wa dukani siku waliponunua simu, na nywila kijana akaondoka nayo.

Mpwa wangu ni mwalimu katika kata hiyo. Siku moja alinitafuta kwa WhatsApp.

"Shikamoo mjomba. Ile barua ya semina imekuja, lakini naona maboksi matupu."

"Marahaba. Bonyeza hapo juu, pameandikwa onyesha picha."

"Nikibonyeza bando linakata, mjomba. Wewe niambie tu imesemaje."

Nikaifungua kwangu, nikamwandikia mistari minne: tarehe, mahali, vya kwenda navyo, siku ya mwisho ya kuthibitisha. Kumbe jarida lile lote lenye rangi zake lilikuwa na mistari minne tu ya kumfaa mtu. Mwenyewe aliipeleka mistari hiyo kwenye kundi la walimu kabla sijamaliza kunywa chai, na kutoka hapo sijui iliishia wapi, lakini ilifika mbali kuliko barua yenyewe.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Wanaotuma majarida haya hudhani barua ikishaingia kwenye kisanduku cha mtu imefika. Katika kata kama Mzenga, mwenye barua pepe ni mpokeaji wa kwanza tu. Mwalimu atanakili aya na kuibandika kwenye kundi. Mtendaji ataifupisha kuwa SMS kwa wenyeviti wa vitongoji, ambao baadhi yao wanatumia vitochi na hawana mpango wa kuviacha, maana chaji inakaa. Mwenyekiti naye atamwomba mtu atangaze baada ya swala ya Ijumaa au ibada ya Jumapili, au ataandika kwa kalamu na kubandika kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Kila hatua ya safari hiyo kinachovuka ni maneno. Nembo haivuki, safu mbili hazivuki. Kitufe cha rangi ya chungwa kilichoandikwa "Soma zaidi" ndicho kibaya kuliko vyote, kwa sababu ukikinakili unabaki na maneno mawili yasiyokupeleka popote. Anwani iliyofichwa nyuma yake imebaki kule kule kwenye barua.

Kwa hiyo jarida linalotakiwa kufika Mzenga liwe maandishi matupu, na mapambo yawe nyongeza kwa anayeyataka. Kwa sasa tunafanya kinyume chake: mapambo ndiyo barua, na maneno yanapachikwa mahali palipobaki, wakati mwingine ndani ya picha yenyewe, ambako huwezi kuyanakili, kuyatafuta, wala kuyakuza bila kuyavuruga. Msomaji asiyeona, anayetumia programu ya kumsomea skrini kwa sauti, huambiwa tu kwamba hapa pana picha. Tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu 2010, na bado tangazo la semina ya walimu wenye ulemavu linaweza kutumwa likiwa bango la JPEG.

Tuhesabu gharama kidogo. Habari ya maneno 600 ya Kiswahili ni herufi elfu nne na ushei, yaani KB 4 na ushei. Makala hii nzima unayoisoma, ikitumwa kama maandishi, haifiki KB 20. Picha moja ya mgeni rasmi, ikiachwa kama ilivyotoka kwenye kamera ya simu ya kisasa, yaweza kuwa na MB 3. Hiyo ni sawa na mamia ya majarida ya maneno 600, mzigo wa miaka mingi kwa jarida la kila mwezi, umebebwa na tabasamu la mtu mmoja na mkasi wake. Ofisi haioni gharama hiyo kwa sababu haiilipi yenyewe. Anayelipa ni mwalimu, kwa bando alilonunua la siku, na hakuulizwa.

Kuna na mtego mwingine wasioujua hata wanaopamba. Gmail hukata barua ambayo msimbo wake unazidi takriban KB 102, ikabakiza kiungo kidogo cha kufungua sehemu iliyobaki. Picha hazihesabiwi hapo, lakini msimbo wa kupanga safu, rangi na mwandiko unahesabiwa, na jarida lililonakiliwa kutoka Word kwenda kwenye kiolezo hubeba takataka nyingi zisizoonekana. Kinachokatwa ni mwisho wa barua, mahali ambapo kwa mazoea huwekwa mawasiliano ya ofisi na kiungo cha kujitoa.

Ubahili ninaoutetea si mgeni kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wengi wetu hatujawahi kugusa kompyuta, walikuwapo madaktari Tanzania waliokuwa wakipokea jarida kwa barua pepe. Shirika la SatelLife, lililoanzishwa na Bernard Lown, daktari bingwa wa moyo wa Marekani, lilijenga mtandao ulioitwa HealthNet kwa ajili ya hospitali na vyuo vya tiba vya nchi maskini, na Tanzania ilikuwamo. Walitumia satelaiti ndogo zilizoundwa na watu wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza. Satelaiti ya namna hiyo haikai mahali pamoja. Hupita juu ya kituo mara chache kwa siku, na kila ikipita unazo dakika chache za kupakia na kupakua kabla haijazama upeoni. Kwingine ujumbe ulisafiri kwa simu ya mezani, kwa mfumo wa FidoNet, uliokusanya barua nyingi na kuzituma kwa mkupuo mmoja ili kuokoa gharama ya simu. Jarida lao, HealthNet News, lilikuwa mihtasari ya makala za tiba kutoka majarida makubwa ya Ulaya na Marekani ambayo maktaba zetu hazikuwa na fedha za kuyanunua. Lilikuwa maandishi matupu, na sidhani kama kuna daktari aliyelalamika kwamba halina rangi.

Ndugu wa jarida hilo ni ProMED, iliyoanza 1994 kutoa taarifa za milipuko ya magonjwa. Ebola ilipozuka Kikwit, Zaire ya wakati huo, mwaka 1995, wataalamu wa sehemu mbalimbali za dunia walipashana habari kupitia barua zake zisizo na picha hata moja. Mtu aliyekuwa akizisubiri alikuwa anataka idadi ya wagonjwa, mahali walipo, na jina la anayethibitisha.

Karibu zaidi na sisi, hata kwa jina, ni Pambazuka News. Ilianza mwaka 2000 chini ya shirika la Fahamu, mhariri wake mwanzilishi akiwa Firoze Manji, Mkenya. Kila wiki waliojiandikisha barani kote walipokea kwa barua pepe furushi refu la uchambuzi, matangazo, nafasi za kazi na habari za haki za binadamu: vichwa kwa herufi kubwa, aya, anwani ya chanzo, kisha habari inayofuata. Mwaka 2004 watu hao hao na wenzao walipotaka serikali za Afrika ziridhie Itifaki ya Haki za Wanawake iliyopitishwa Maputo, walikusanya sahihi hata kwa SMS. Itifaki ilianza kutumika Novemba 2005. Sisemi SMS ndiyo iliyoileta. Nasema waliojua kwamba msomaji wao yuko kwenye kona ya intaneti ya mji mdogo, akilipia kwa dakika, walimwandikia kwa namna inayomfaa yeye, na hawakuonekana washamba kwa kufanya hivyo.

Kisha Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ukaanza kazi Dar es Salaam, mwaka uliofuata ukaja wa EASSy, na kasi ikapanda. Ofisi za mjini zikapata kasi hiyo zikaitumia, kama ilivyo haki yao. Ila mazoea ya kumfikiria aliye mwisho wa njia yakafa hapo. Tukaanza kupima jarida kwa macho ya mtu aliyeketi mita mbili kutoka kwenye ruta.

Lugha yetu yenyewe inatubeba katika jambo hili. Mfaransa akiandika maandishi matupu ya kizamani alipoteza alama juu ya herufi zake, Mwarabu alipoteza hati yote. Kiswahili cha leo hakidai chochote ambacho ASCII, mpango wa herufi za kompyuta uliotoka miaka ya 1960, haukuwa nacho. Tahadhari yetu moja tu ni ile alama ya juu kwenye ng'ombe na ng'ambo, na hapo pana kisa kidogo ambacho watuma SMS za jumla wangepaswa kukibandika ukutani. SMS ya kawaida inachukua herufi 160. Ukiweka ndani yake herufi moja tu isiyo kwenye orodha ya herufi za simu, ujumbe mzima hubadilishiwa mpango na nafasi hushuka hadi 70. Alama iliyonyooka ya kibodi imo kwenye orodha hiyo. Ile iliyopinda, ambayo Word na baadhi ya simu huiweka zenyewe ili kupendezesha, haimo. Basi tangazo la chanjo ya ng'ombe lenye herufi 150, likinakiliwa kutoka kwenye jarida lililorembwa, linagawanyika vipande vitatu na kulipiwa mara tatu. Mifumo mingine huirekebisha alama hiyo yenyewe, mingine hairekebishi, na bili ndiyo inayokuambia uko kwenye upi.

Maneno matupu yanaweza kufanya kazi nzito. Kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyozinduliwa Novemba 2012, iliwafikia wajawazito na wenza wao kwa SMS za bure kupitia namba 15001, ujumbe ukifuata umri wa mimba: lini uende kliniki, dalili gani za hatari, maandalizi gani ya kujifungua. Kwenye SMS hizo hapakuwa na picha ya mama mwenye furaha. Palikuwa na sentensi zilizoandikwa vizuri kwa Kiswahili, na ninavyoona mimi hicho ndicho kitu adimu zaidi, kwa sababu sentensi nzuri ni ngumu kuliko kiolezo. Mapambo humpa nafasi mwandishi asiye na la kusema. Jarida likivuliwa rangi ndipo unapoona kwamba aya ya kwanza ni salamu, ya pili ni shukrani kwa wafadhili, na habari haipo.

Liko jambo lingine ambalo halizungumzwi vikaoni. Barua iliyopambwa mara nyingi hubeba picha ya nukta moja isiyoonekana kwa macho, ambayo simu ya msomaji ikiipakua, mtumaji anapata taarifa kwamba barua imefunguliwa, saa ngapi, na pengine ilifunguliwa kutokea wapi. Hizo ndizo takwimu za "waliofungua" zinazoingia kwenye ripoti ya robo mwaka. Maandishi matupu hayana uwezo huo, na kwa wengine hiyo ndiyo sababu halisi ya kuyakataa, hata kama wanasema ni urembo. Lakini takwimu hizo zimeshapoteza nguvu: tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple yenyewe huweza kupakua picha, msomaji asome asisome. Na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayomtaka anayekusanya taarifa za mtu amjulishe anazikusanya kwa ajili gani. Mwalimu aliyeandika anwani yake kwenye karatasi ya mahudhurio hakuambiwa kwamba kuna atakayehesabu saa zake za kusoma barua.

Wapo watakaonipinga, na baadhi wana haki. Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la utapeli. Nchi hii imechoshwa na SMS za "ile hela itume kwenye namba hii", na hizo ni maandishi matupu kuliko maandishi yote. Mtu ataaminije barua isiyo na nembo wala muhuri? Jibu langu ni kwamba nembo ndicho kitu rahisi kuliko vyote kughushi. Tapeli ataichukua kwenye tovuti ya taasisi kwa mbofyo mmoja. Kinachomthibitisha mtumaji ni jina la kikoa chake na saini za kiufundi zinazoambatana nalo, mambo ambayo Google na Yahoo waliyafanya sharti kwa wanaotuma barua kwa wingi tangu Februari 2024. Nembo inamtuliza msomaji bila kumlinda. Hata hivyo nakubali kwamba hofu ya mtu haiondolewi kwa kumsomea kanuni, na kwa hiyo barua ya maandishi itaje jina la ofisa, cheo chake, na namba ya ofisi ambayo mtu anaweza kuipiga.

Pingamizi la pili ni la majedwali. Bei za mnada wa korosho kwa kila ghala, au utabiri wa mvua za vuli kwa kila mkoa, husomeka vizuri zaidi kwenye jedwali au ramani. Kweli. Basi ramani iambatanishwe, ipunguzwe uzito, na maneno ya barua yaseme kile ambacho ramani inakisema kuhusu Pwani, ili asiyeifungua asibaki mikono mitupu. La wafadhili silihesabu: wao wapelekewe PDF yao, wanayo Wi-Fi.

Na kusema kweli uchaguzi wenyewe si mkali kama ubishi wa ofisini unavyoufanya. Tangu 1992, Nathaniel Borenstein na Ned Freed walipotoa kanuni iitwayo MIME, barua pepe moja inaweza kubeba matoleo mawili, la maandishi na la mapambo, na programu ya msomaji ikachagua linaloifaa. Karibu kila mfumo wa kutuma majarida unaweza kufanya hivyo. Tatizo ni kwamba toleo la maandishi huachiwa mashine ilitengeneze, nalo hutoka likiwa mchanganyiko wa "bofya hapa", mabano na anwani za mistari mitatu zilizojaa namba za ufuatiliaji. Hakuna mtu ofisini aliyewahi kulisoma. Ndilo lingekuwa la kwanza kuandikwa, kwa mkono wa mtu, kabla ya mtu wa rangi kuitwa.

Jinsi ya kuliandika si siri, maana barua za kiserikali zilizopigwa kwa taipureta zilituonyesha zamani: kumbukumbu namba, YAH, aya fupi zenye namba, jina na cheo. Habari yenyewe ikae kwenye mstari wa kwanza. Tarehe iandikwe pamoja na siku ya juma. Anwani ya tovuti iandikwe nzima, fupi, kwenye mstari wake. Kabla ya kutuma, mtu mmoja aifungue kwenye simu ya bei ya chini iliyozimwa upakuaji wa picha, ainakili, aibandike WhatsApp, aone kama bado ina maana.

Kisha itumwe kutoka kwenye anwani inayopokea majibu. Majarida mengi yaliyopambwa hutoka kwenye anwani ya mashine isiyojibika, na hilo linaendana na sura yake, kwa kuwa hakuna anayelijibu bango. Barua ya maneno iliyotiwa jina la mtu hujibiwa. Mwalimu wa Mzenga atajibu kwamba tarehe hiyo ni wiki ya mitihani. Katibu wa chama cha msingi atasema siku hiyo kuna mnada. Mhudumu wa zahanati atauliza kama nauli ya kutoka huko imehesabiwa, maana mara ya mwisho ilihesabiwa ya kutoka Kisarawe mjini.